Mlima Kenya: kupanda Sirimon, kushuka Chogoria, kwa mahema yetu wenyewe

Kware_wa_Nyika

Wadau wa milima, hamjambo. Tuko wanne na tunapanga kuingia Mlima Kenya wiki ya mwisho ya Januari. Tutapandia lango la Sirimon, tufike kilele cha Point Lenana, kisha tushukie Chogoria. Wawili wanatoka Nairobi, wawili Mombasa. Sote tumezoea kutembea na mzigo Longonot na Aberdare, ila hakuna aliyewahi kulala juu ya mita 4,000. Tuna kiongozi mmoja mwenye leseni, na hatujapanga kuchukua wapagazi.

Ratiba ya sasa ni hii. Siku ya kwanza lango hadi kambi ya Old Moses (mita 3,300). Siku ya pili Old Moses hadi kambi ya Shipton's (mita 4,200). Siku ya tatu tunaondoka usiku, tunafika Lenana (mita 4,985) jua likichomoza, halafu tunashuka moja kwa moja hadi kambi iliyo mwisho wa barabara upande wa Chogoria. Siku ya nne tunatoka.

Vifaa: mahema mawili ya watu wawili yenye tabaka mbili, majiko mawili madogo ya kufungia juu ya mkebe wa gesi, na mifuko ya kulalia iliyoandikwa nyuzi −5.

Naomba mnisaidie kwa haya. Ratiba inatosha? Tubebe gesi kiasi gani, na chakula gani kinaiva huko juu? Maji ya mito yanahitaji kutibiwa? Na je, −5 itatosha kwa Shipton's?

Pimbi4200

Karibu sana. Nianze na ratiba kwa sababu hapo ndipo safari yenu itakapoharibika, na ikiharibika hapo gesi na mifuko ya kulalia havitawasaidia kitu.

Tazama usiku wa pili. Mnatoka kulala mita 3,300 mnakwenda kulala 4,200, yaani mita 900 kwa siku moja. Ushauri wa kawaida wa tiba ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Ninyi mnakaribia mara mbili yake, mkiwa na mizigo mgongoni, baada ya mwendo wa kilomita kama 14 unaochukua saa sita hadi nane. Halafu saa chache baadaye, saa nane na nusu usiku, mnaamka kupanda mita nyingine 800. Watu wengi wanaogeuzwa njiani Sirimon ni vijana wenye miguu imara kabisa. Mwili haukupewa muda.

Ongezeni siku mbili. Lala Old Moses usiku mara mbili. Siku ya katikati pandeni bila mizigo hadi kama mita 3,800, mkae huko saa moja, mle, mrudi. Panda juu, lala chini. Usiku wa tatu laleni Liki North, mita 3,990, halafu usiku wa nne Shipton's. Kutoka Liki North kwenda Shipton's ni mwendo mfupi wa saa tatu hadi nne wenye ukingo mkali wa kuvuka, kwa hiyo mnafika mchana mapema na mnapata alasiri nzima ya kupumzika kabla ya Lenana. Ile kuruka kutoka 3,300 hadi 3,990 bado ni kubwa kuliko 500, ndiyo maana usiku wa pili Old Moses haufai kuachwa.

Liki North si Old Moses. Ni kibanda kimoja cha mabati, chakavu, na uwanja wa mahema kando ya kijito. Msikitegemee kibanda. Jambo zuri ni kwamba watu ni wachache, na choo cha asubuhi hakina foleni.

Saa za mwendo: ondokeni kambini kabla ya saa mbili asubuhi kila siku. Mlima huu asubuhi unakuwa wazi, mawingu yanapanda kutoka msituni kuanzia kama saa sita mchana, na mvua au mvua ya mawe huja alasiri hata Januari. Lengo liwe mahema kusimama saa tisa mchana.

Kuhusu lango: malipo ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ni kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si pesa taslimu. Fanyeni hivyo mkiwa Nanyuki ambako mtandao ni mzuri, na mchapishe risiti. Kutoka Nanyuki ni kilomita kama 15 kwenye barabara ya Meru, kisha mnakata kulia kama kilomita 10 hadi langoni. Langoni mpaka Old Moses ni kilomita 9 za barabara ya msituni. Hapo kuna nyati na ndovu, kwa hiyo mtembee pamoja, mkiongea kwa sauti ya kawaida, na msiingie njia hiyo jioni.

JikoLaMlimani

Mimi nachukua swali la gesi na chakula.

Kwanza fahamuni kinachotokea kwenye sufuria. Kila unapopanda kama mita 300, maji huchemka kwa kiwango cha joto kilichopungua nyuzi moja. Old Moses yanachemka kwenye nyuzi kama 89, Shipton's kwenye 86. Kwa macho ni mchemko uleule, mapovu yaleyale, ila maharagwe hayaivi. Unaweza kuyachemsha saa nne na bado yakagonga meno, na umemaliza mkebe mzima wa gesi. Wanga wa unga huiva chini ya nyuzi 75, kwa hiyo ugali na uji vinawezekana, mradi muupe ugali dakika tano zaidi na mfuniko. Mchele wa kawaida unakula muda. Uloweke saa moja kabla, au uacheni nyumbani.

Vinavyofanya kazi: tambi nyembamba, uji wa wimbi uliochanganywa kabisa na maziwa ya unga, sukari na karanga zilizosagwa, viazi vya unga, omena waliokaangwa na kukaushwa nyumbani, ndengu zilizochemshwa zikaiva kisha zikakaushwa juani (zikimwagiwa maji moto zinarudi laini kwa dakika kumi), chapati za siku mbili za mwanzo. Baridi ya kule inatunza chapati vizuri, ila ipasheni kwenye mfuniko wa sufuria, isiliwe ngumu. Juu ya mita 4,000 hamu ya chakula inakimbia. Andaeni vitu viwili ambavyo kila mtu hula hata akiwa hana hamu, kimoja kitamu na kimoja cha chumvi, muweke mfukoni mwa koti. Kwa uzito, hesabuni gramu 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku.

Gesi. Hesabu yangu ni lita mbili za maji ya moto kwa mtu kwa siku: chai asubuhi, uji, supu jioni, chakula, na chupa moja ya moto ya kulalia. Mkebe wa gramu 230 nyumbani unachemsha lita 14 hivi. Mlimani, kwa maji yanayotoka kijitoni yakiwa nyuzi 4 au 5 na upepo unaochezea moto, hesabuni lita 10. Watu wanne mara lita mbili ni lita nane kwa siku. Siku tano ni lita 40, mikebe minne, na mmoja wa akiba. Mkianza kuchemsha na maji ya kunywa njiani, hesabu inakuwa maradufu, kwa hiyo maji ya kunywa tibuni kwa njia nyingine.

Aina ya gesi ina maana kuliko wingi wake. Ile mikebe mirefu ya dukani, ya majiko ya mezani, mara nyingi ni butani tupu. Butani inaacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi −0.5. Presha ndogo ya hewa ya mlimani inaisaidia kidogo, lakini asubuhi ya Shipton's mkebe uliolala nje unatoa moto wa mshumaa. Tafuteni mchanganyiko wenye isobutani (inachemka kwenye −11.7) na propani (−42), na someni ubavuni mwa mkebe kabla ya kulipa. Mkebe wa asubuhi ulaleni nao ndani ya mfuko.

Makosa ya kuzuia:

Kizuia upepo kisizunguke mkebe mzima kwenye jiko la kufungia juu. Joto linarudi kwenye mkebe na unaweza kupasuka. Kinga upande unaotoka upepo tu, na uguse mkebe mara kwa mara. Ukiwa wa moto mkononi, zima.

Kile kibonyezo cha cheche kilichojengwa ndani ya jiko huanza kugoma kadiri unavyopanda. Beba kiberiti ndani ya kopo lisiloingia maji, na kiberiti cha gesi cha gurudumu, vyote viwili, kwenye mabegi mawili tofauti.

Msipike ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, ni zilezile za ugonjwa wa mwinuko. Mtachanganyikiwa. Pikieni kwenye baraza ya hema, mlango wazi juu na chini.

Kware_wa_Nyika

Asanteni, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Maswali mawili ya nyongeza. Gesi ikiisha, inaruhusiwa kuokota kuni kavu kule juu? Naona kwenye picha ile miti mikubwa ina majani makavu mengi. Na je, kwa siku hizo za ziada, bado tunaweza bila wapagazi?

Pimbi4200

Kuni, hapana. Moto wa wazi hauruhusiwi, na sababu iko wazi: ile nyasi ya mafungu ya nyika ya juu ikikauka inashika kama petroli. Mlima huu uliungua vibaya mwaka 2012 na tena 2019.

Yale majani makavu mliyoyaona yana kazi. Miti ile ni senesio, na majani yake yanapokufa hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti la manyoya. Shina limejaa maji, na usiku joto linashuka chini ya sifuri karibu kila siku ya mwaka. Koti hilo ndilo linalozuia maji ya ndani yasigande. Ukiingiza vidole chini ya majani hayo asubuhi wakati nje kuna jalidi, unakuta hakuna barafu, mara nyingine hata wadudu wamejihifadhi humo. Ukiyachuna kuwashia chai, umeuvua mti nguo. Shina likishaganda, mti uliochukua miongo mingi kufika kimo cha mtu unakufa. Tafadhali, msiyaguse, na mkimwona mtu anachuna mwambieni.

Wapagazi, mwachie wa Marangu hapa jukwaani aseme, anajua mizani kuliko mimi. Nitaongeza tu jambo la njia. Kutoka Shipton's kwenda upande wa Chogoria kuna kupita Lenana au kuuzunguka kwa Simba Col, pengo la mlima lililo mita 4,620. Mwenye wapagazi huwapitisha Simba Col na mizigo, yeye akapanda Lenana na begi dogo, wakakutana upande wa pili. Bila wapagazi mtapandisha mahema, sufuria na kila kitu kwenye kokoto zinazoteleza, gizani, juu ya mita 4,700. Kila hatua mbili unarudi moja. Kokoto zile usiku zimeshikwa na baridi na zinakaa kidogo, zikipata jua zinalegea, ndiyo sababu nyingine ya kutoka saa nane na nusu hadi saa tisa usiku na si baadaye. Hapo karibu na kilele kuna miamba yenye vishikio vya chuma, na mikono miwili inahitajika. Begi la kilo 18 linamvuta mtu nyuma.

Mgumu_Marangu

Wakuu, heshima. Kwetu Kilimanjaro huwezi kuingia bila kiongozi na wagumu (ndio wapagazi), kwa hiyo suala la mizigo tumelizoea. Kikomo chetu ni kilo 20 kwa mgumu mmoja na mzigo unapimwa getini. Huko kwenu wengi wanakubaliana kilo 18, na hiyo namba iheshimuni hata kama hakuna mtu wa kuwapimia.

Pigeni hesabu hivi. Vitu vya pamoja: chakula cha watu wanne, gramu 700 mara siku tano na nusu, ni kilo 15 na kidogo. Mikebe mitano ikiwa imejaa ni karibu kilo 2. Mahema mawili kilo 6. Majiko, sufuria, mwiko na kamba kilo 2 na nusu. Jumla kilo 26 hivi. Hapo hamjagusa vitu vya mtu binafsi: mfuko wa kulalia, mkeka, nguo, maji, kilo 9 au 10 kila mmoja. Bila wapagazi ni kilo 16 hadi 17 mgongoni kwa kila mtu siku ya kwanza. Kwa Longonot sawa. Kwa kulala mita 4,200, mimi nasema chukueni wapagazi wawili, mbebe wenyewe vitu vyenu binafsi.

Nunueni mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki sokoni. Mpime kila begi mbele ya mwenye kulibeba, langoni, kabla ya kuondoka. Inazuia ugomvi wote.

Sasa baridi. Hiyo −5 iliyoandikwa kwenye mifuko yenu, angalieni ni namba ipi. Mifuko mingi ina namba mbili: ya kulala kwa raha na ya mwisho wa uvumilivu. Kama −5 ni ile ya uvumilivu, raha yake ni kama 0 au 1, na Shipton's haitawatosha. Usiku mkavu wa Januari unashuka −5 kwa urahisi na unaweza kupita hapo. Tafuteni yenye raha ya −7 kwenda chini, au ongezeni shuka la ndani la flisi.

Lakini mfuko mzuri juu ya mkeka mbaya ni kazi bure. Baridi kubwa inatoka ardhini kwa sababu uzito wako unaminya sufi ya chini ya mgongo na hewa inatoka. Kile kigodoro cha povu cha sentimita mbili hivi kina thamani ya R (kipimo cha kuzuia baridi ya ardhini) karibu 2, na unahitaji 4 au zaidi. Weka viwili, au kimoja cha povu chini na cha kujaza hewa juu. Cha hewa peke yake kikitoboka usiku umebaki juu ya udongo wa barafu.

Chupa ya chuma ya lita moja ijazwe maji ya moto, ikazwe vizuri, ivalishwe soksi, iwekwe kati ya mapaja (si miguuni, kwenye mapaja ndipo mishipa mikubwa inapita). Asubuhi ni maji ya kunywa ambayo hayajaganda. Iwe chuma cha tabaka moja. Chupa ya chai ya kutunza joto haitoi joto nje.

Kusimika hema: usiku hewa iliyopoa huteremka bondeni kama maji. Bonde la Mackinder linashuka kuelekea kaskazini, kwa hiyo pale Shipton's mgongo wa hema utazame vilele na mlango utazame chini ya bonde. Msikae kwenye kishimo karibu kabisa na kijito, pandeni hata mita tano tu juu yake. Udongo ni laini na mawe yako juujuu, kigingi chembamba kinachomoka. Fungeni kamba kwenye jiwe la ukubwa wa kichwa na muweke jiwe la pili mbele yake. Madirisha ya juu yaacheni wazi hata kukiwa na baridi. Mkiyafunga, pumzi za watu wawili zinaganda kwenye tabaka la nje kwa ndani, na jua likipiga saa moja asubuhi inawanyeshea juu ya mifuko ya kulalia.

Muuguzi_wa_Imenti

Naongeza ya afya, na mnisamehe nikiwa mkali.

Kwa wale wawili wa Mombasa, kulala Nanyuki usiku mmoja (mita 1,950) kisha Old Moses ni kupanda mita 1,350 kwa siku. Waongezeeni usiku mmoja kwenye kambi ya lango la Sirimon, mita 2,650. Ni usiku wa bei ndogo kuliko kumshusha mgonjwa.

Dalili za mwanzo: kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, au kukosa hamu ya kula, au kizunguzungu, au uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika. Mwenye hizo anabaki alipo. Hapandi hata kama wenzake wanapanda. Paracetamol na maji, apumzike, na kama saa 24 hazijaleta nafuu, anashuka. Kuna mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni maji kwenye mapafu: anahema akiwa amekaa, kikohozi, baadaye povu la waridi. Ya pili ni uvimbe wa ubongo: anachanganya maneno, anapepesuka. Kipimo chake ni rahisi, mwambieni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, hatua kumi. Asiyeweza ashushwe sasa hivi, akiwa na mtu wa kumshika, hata kama ni saa saba usiku.

Na hapa jiografia ya Sirimon ina mtego. Kutoka Shipton's, bonde la Mackinder linashuka taratibu sana, mnatembea kilomita nyingi kabla ya kupoteza mita 500, na mbele kuna ukingo wa kupanda tena kabla ya Old Moses. Kumshusha mgonjwa ni kazi ya saa nyingi. Ndiyo maana uamuzi ufanywe mapema, Liki North, mtu akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Kiongozi wenu awe na namba za kituo cha KWS, na mkubaliane kabla ni nani atashuka na mgonjwa na nani ataendelea. Kiongozi ni mmoja. Akishuka, wote mnashuka, msibaki mlimani bila kiongozi.

Acetazolamide (Diamox) miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, inasaidia mwili kuzoea. Haifichi ugonjwa, lakini pia hairuhusu mtu aruke usiku wa kuzoea. Inakojoza, na vidole vinawasha kama vimekufa ganzi. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza, na wote waijaribu nyumbani siku moja. Dawa za usingizi na pombe ziacheni Nanyuki.

Vile vipima oksijeni vya kidole vinatisha watu bure. Mita 4,200, asilimia 80 na kitu kwa mtu mzima wa afya si ajabu, na kidole cha baridi kinadanganya. Mwangalieni mtu, namba baadaye.

Maji. Ndiyo, tibuni yote, hata kijito kinachong'aa, kwa kuwa juu yake kuna kambi na vyoo. Vidonge vya klorini vinahitaji dakika 30 kwenye maji ya kawaida. Kwenye maji ya nyuzi 4 subirini saa moja. Mkitumia kichujio cha nyuzi, kikishalowa kisiruhusiwe kuganda: barafu inapasua nyuzi ndani, kwa nje hakioneshi tofauti, na kuanzia hapo kinapitisha kila kitu. Kilale ndani ya mfuko wa kulalia, kwenye soksi kavu. Ukichemsha, mchemko wa dakika tatu unatosha mwinuko wowote wa mlima huu.

Choo: palipo na choo cha kambi kitumike. Pasipo na choo, shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 80 mbali na maji, na karatasi irudi nanyi kwenye mfuko. Kwenye baridi ile karatasi haiozi.

JikoLaMlimani

Muuguzi kanikumbusha mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja haziingii mbugani tangu 5 Juni 2020, zikiwemo chupa za maji za dukani. Wengi wanazoea kupanga begi lao ndani ya mifuko ya taka, halafu askari langoni anaimwaga yote. Nunueni mifuko mizito ya kukunja mdomo isiyopitisha maji, mmoja wa nguo na mmoja wa mfuko wa kulalia kwa kila mtu.

Chakula msikiache kwenye baraza ya hema. Shipton's kuna pimbi waliozoea watu, mchana wanaingia hemani mkigeuka kuchota maji, na panya wa usiku wanatoboa kitambaa kufuata karanga. Kopo la chuma au ndoo yenye mfuniko ndiyo dawa. Na msiwalishe, hata makombo.

Pimbi4200

Upande wa Chogoria kwa kifupi. Kutoka Lenana mnashuka kokoto hadi kambi ya Mintos, kama mita 4,300, karibu na vidimbwi vya Hall Tarns. Hapo maji ni ya vidimbwi visivyotiririka, msijaze bila kutibu, na ni heri mfike mkiwa bado na lita moja kila mtu. Mbele ya hapo njia inafuata ukingo wa juu wa Gorges Valley, ziwa Michaelson likiwa chini kabisa kulia kwenu. Simameni pale Temple, juu ya ukuta wa mwamba, mtazame, lakini msisogelee ukingo kukiwa na ukungu, ukuta ule unakatika wima.

Ni siku ya saa kumi au zaidi tangu mlipoamka, na magoti yataumia. Fimbo mbili kwa kila mtu, si moja. Kama mtu amechoka, Mintos inalalika, ingawa ni juu na ina baridi. Kambi ya mwisho wa barabara iko mita 3,300, nyati huja usiku, kwa hiyo mulikeni tochi pande zote kabla ya kutoka hemani.

Gari: kutoka kambi hiyo hadi mji wa Chogoria ni zaidi ya kilomita 20 za barabara mbaya kupitia msitu wa mianzi. Gari dogo halipiti, na ikinyesha hata yale makubwa yanahitaji minyororo. Lipangeni kabla ya kuingia Sirimon, kwa siku na saa, kwa sababu mtandao wa simu kule unakuja na kupotea.

Kware_wa_Nyika

Nimeandika upya. Usiku wa 1 lango la Sirimon, wa 2 na wa 3 Old Moses, wa 4 Liki North, wa 5 Shipton's, wa 6 mwisho wa barabara Chogoria. Wapagazi wawili, wapite Simba Col. Siku sita za kupika kwa watu wanne ni lita 48, kwa hiyo mikebe mitano na mmoja wa akiba. Chakula kilo 18. Mikeka miwili kila mtu. Kuna nilichosahau?

Mgumu_Marangu

Umesahau watu watatu, mkuu. Kiongozi na wapagazi wawili nao wanakula, wanakunywa chai na wanalala. Old Moses na Shipton's wanaweza kupata kitanda kwenye mabanda kwa malipo, Liki North na Chogoria wanahitaji hema lao. Mkiwalisha ninyi, ni watu saba: lita 84, mikebe tisa na akiba, na chakula kinapanda kutoka kilo 18 hadi 32. Hapo wapagazi wawili hawatoshi tena, anahitajika wa tatu, naye anakula.

Njia ya pili ni wao waje na unga wao, jiko lao na hema lao, na malipo yao yaongezwe kwa kiasi hicho. Uzito huo nao unaingia kwenye zile kilo 18 za kila mmoja, kwa hiyo ninyi mtabaki na nafasi ya kilo 10 au 11 tu kwa mpagazi. Mpigie kiongozi wiki hii, muulize wamezoea ipi, na mwandike makubaliano: nani analeta chakula, nani analeta hema, kilo ngapi, malipo kiasi gani kwa siku na yanatolewa wapi. Ukipata jibu weka hapa, tupige hesabu ya mwisho ya mikebe.